Rangi si umri: pipa la muti linafanya nini ndani ya whisky ya bourbon

Ukimimina bourbon mu gilasi, unaona rangi ya asali ya pori. Ukiinusa, unapata vanila, sukari iliyoungua, mara zingine nazi ao karafuu. Lakini hakuna mutu aliyetia vanila ndani, na hakuna aliyetia nazi. Kama ni bourbon ile yenye neno "straight" mu karatasi yake, sheria ya Marekani inakataza hata tone moja la rangi ao la dawa ya harufu. Vitu vyote vile vimetoka fasi moja: mu mbao za pipa.

Tunaeleza jambo hili juu ya sababu moja. Hapa kwetu, mu madepo na mu manganda, kuna chupa na vichupa vingi vya pombe kali vyenye rangi ileile. Watu wengi wanafikiri rangi ya kahawia maana yake pombe imekomaa, imekaa miaka, na kwa hiyo haiko na hatari. Kumbe rangi mutu anaweza kuitia mu dakika moja. Kazi ya pipa inaomba miaka. Ukielewa namna kazi ile inafanyika, hautadanganywa tena na rangi peke yake.

Mbele ya pipa: maji meupe ya muhindi

Bourbon ni whisky ya Marekani, na sehemu kubwa sana inatengenezwa mu jimbo la Kentucky. Sheria ya kule inasema angalau asilimia 51 ya nafaka zake lazima iwe muhindi. Zinazobaki ni shayiri iliyooteshwa, pamoja na ngano ao nafaka ya rai, ile Wafaransa wanaita seigle. Wanasaga nafaka, wanazipika na maji, wanaacha zipoe, wanatia hamira, uji unachacha siku 3 hadi 5. Kiisha wanaupitisha mu mtambo wa moto: alkoli inapanda kama mvuke, inapoa, inaanza kutonya.

Mutu yeyote aliyeona namna lotoko inatengenezwa kijijini atatambua kazi hii mara moja. Lotoko pia inatoka mu muhindi, mara nyingi pamoja na muhogo. Nayo inachachishwa, inapikwa, mvuke unapita mu mrija na kupoa. Kwa hiyo mpaka hapa, pombe hizi mbili ni ndugu. Pombe mpya ya Kentucky ni nyeupe kama maji, inanuka nafaka na inachoma koo. Wafanyakazi wa kule wameipa jina la utani: mbwa mweupe.

Tofauti inaanzia mu masharti yanayofuata. Sheria inakataza kutonesha bourbon kupita asilimia 80 ya alkoli, juu ukiisafisha sana, unapoteza utamu wa nafaka. Inapoingia mu pipa, haiwezi kupita asilimia 62.5. Namba hii inaonekana kama mambo ya ofisi tu, lakini iko na maana yake. Maji na alkoli havitoi vitu sawasawa ndani ya muti. Maji yanajua kutoa sukari, alkoli inajua kutoa mafuta ya harufu. Ukibadilisha kipimo cha maji na alkoli, unabadilisha utamu wa mwisho.

Na kuna sharti lingine kubwa kuliko yote: pipa lazima liwe la mwaloni, jipya, na lililochomwa ndani.

Muti na moto

Mwaloni ni ule muti ambao kwa Kifaransa tunauita chêne. Kuna aina nyingi, lakini bourbon karibu yote inakaa mu mwaloni mweupe wa Marekani. Walichagua ule muti juu ya tabia yake. Ndani ya kila muti kuna mirija midogo inayopandisha maji kutoka mizizi. Mu mwaloni mweupe, mirija ile inajiziba yenyewe muti unapokomaa. Njo maana ubao wake unaweza kushika pombe miaka mingi bila kuvuja. Ukitengeneza pipa na ubao wenye mirija iliyo wazi, pombe itamwagika chini.

Mafundi wanakata mbao, kiisha wanazipanga nje, wanaziacha mvua na jua vizipige miezi mingi. Mvua inaosha sehemu ya uchungu wa muti. Nyuma ya hapo wanazikunja na mvuke ao na moto, wanazifunga na mikanda ya chuma. Hakuna gundi, hakuna msumari. Pipa la kawaida linabeba karibu litre 200.

Sasa wanawasha moto ndani ya pipa. Ni moto mukali lakini wa muda mufupi sana: sekunde 15 kwa pipa lililochomwa kidogo, karibu sekunde 55 kwa lile lililochomwa sana. Nyuma ya sekunde 55, ukuta wa ndani unakuwa mweusi na kupasuka-pasuka mpaka unafanana na ngozi ya mamba. Mutu anayepika na mbabula anajua sura ile: ni makala. Pipa la bourbon, kwa neno rahisi, ni ubao uliovaa makala kwa ndani.

Ile makala ni nyembamba, milimita chache tu. Nyuma yake kuna tabaka lingine ambalo moto umelichoma nusu nusu, lenye rangi nyekundu. Lile tabaka jekundu njo gala ya sukari na harufu. Pombe inapita mu makala kama mu chujio, inafika mu tabaka jekundu, inabeba mali, inarudi.

Mutu wa kwanza aliyechoma pipa ndani hajulikani, hata kama kuna hadithi nyingi juu yake. Kinachojulikana ni kwamba mwaka wa 1826, mfanyabiashara mumoja wa mji wa Lexington alimwandikia John Corlis, mutengenezaji wa whisky wa Kentucky, akimwambia kwamba mapipa yakichomwa kidogo ndani, pombe itakuwa nzuri zaidi. Kwa hiyo karibu miaka 200 iliyopita, wauzaji walikuwa wameshaona faida yake.

Kazi tatu za pipa

Ile inayofanyika mu pipa tunaweza kuigawanya mu kazi tatu: kutoa, kuongeza, na kubadilisha.

Kazi ya kwanza ni kutoa. Pombe mpya inabeba vitu vyenye salfa, ile yenye harufu ya yai bovu ao ya mboga iliyopikwa sana. Makala iko na vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, na vitu vile vinanasa mule. Ni tabia ileile inayofanya watu watumie makala kusafisha maji ao kuondoa harufu mbaya ndani ya frigo. Lakini muangalie vizuri: makala inanasa vitu vya aina fulani tu. Haiondoe kila kitu kibaya. Tutarudia neno hili mwishoni, juu ni la hatari.

Kazi ya pili ni kuongeza. Ubao wa mwaloni umejengwa na vitu vichache vikubwa, na kila kimoja kinatoa zawadi yake.

Cha kwanza kinaitwa hemiselulozi. Moto ukikigusa, kinavunjika na kuwa sukari, na sukari ile inaungua kidogo. Kutoka hapo tunapata utamu wa karameli na sehemu ya ile rangi ya kahawia.

Cha pili ni lignini, ile inayoshikanisha nyuzi za muti kama simenti. Moto na alkoli vinaivunja, na kipande kimoja kinachotoka kinaitwa vanilini. Vanilini ni kitu kilekile kinachotoa harufu ndani ya vanila ya wakulima wa Beni na Butembo. Siyo mufano wa maneno: ni molekuli ileile, hata kama imetoka mu muti tofauti kabisa. Lignini inatoa pia harufu ya moshi, na pembeni yake muti unatoa kitu kinachonuka sawa na karafuu.

Cha tatu ni mafuta yanayoitwa laktoni, na yenyewe njo yanaleta harufu ya nazi. Mwaloni wa Marekani uko nayo mingi kuliko mwaloni wa Ulaya.

Cha ine ni tanini, ile inayokausha mdomo, sawa unavyosikia ukinywa chai iliyokaa sana mu majani. Tanini kidogo inaipa pombe mwili na rangi. Tanini mingi inaiharibu.

Hata muti mumoja hauko na utamu sawa kila fasi. Kiwanda cha Buffalo Trace, mu mji wa Frankfort, Kentucky, kilichagua miti 96 na kukata kila muti vipande viwili, cha chini na cha juu. Kutoka hapo wakatengeneza mapipa 192, kila pipa na mbao za kipande kimoja. Walitaka kujua kama sehemu ya muti, mahali ulipoota na kiwango cha kuchoma vinabadilisha utamu. Vinabadilisha kweli: pombe zilizotoka mu mapipa yale hazikufanana.

Kazi ya tatu, kubadilisha, haionekane na macho. Ubao haupitishe pombe, lakini unaacha hewa iingie kidogo kidogo. Oksijeni inakutana na alkoli, na sehemu ndogo inageuka asidi, ndugu ya ile ya siki. Asidi ile inaungana na alkoli, na muungano wao unaitwa esta. Esta njo zinaleta harufu ya matunda: tofaa, peari, ndizi iliyoiva. Vanila na karameli vinatoka haraka, mu miezi ya kwanza. Esta hazikubali kusukumwa. Zinaomba muda.

Hapa njo tunaelewa juu ya nini mapipa madogo yanadanganya. Viwanda vingine vipya vinatumia mapipa ya litre 20 ao chini, juu pombe kidogo inagusa ubao mingi. Rangi inakuja mu miezi michache, inakuwa nyeusi kabisa. Ukionja, unapata ubao mingi na nafaka mbichi pamoja: kazi ya pili imefanyika, ya tatu bado. Ni sawa na nyama iliyoungua inje na ndani bado iko na damu.

Joto, baridi, na kimbunga cha 2006

Kentucky iko na majira yenye nguvu. Mwezi wa 7 na wa 8 joto linapita digri 30. Mwezi wa 1 inashuka chini ya sifuri. Joto likipanda, pombe inavimba na kujisukuma ndani ya ubao. Baridi ikija, inajikunja na kurudi, imebeba rangi na harufu. Kila mwaka muti unakunywa na kutapika, unakunywa na kutapika.

Ndani ya gala moja pia kuna tofauti. Magala mengi ya zamani yako na ghorofa 6 ao 7, na moja linaweza kubeba mapipa zaidi ya 20,000. Juu kabisa, chini ya mabati, joto ni kali. Chini kabisa kuna baridi na unyevu. Pipa la juu linakomaa haraka, linatoa pombe yenye ubao mingi na nguvu mingi. Pipa la chini linaenda polepole. Mapipa mawili yaliyojazwa siku moja, na pombe moja, nyuma ya miaka 8 yanaweza kuwa watu wawili tofauti. Njo maana viwanda vinachanganya mapipa mengi ili utamu wa chupa ubaki uleule mwaka kwa mwaka. Kiwanda cha Four Roses kimechagua njia ingine: magala yake hayana ghorofa za juu, ili joto lisitofautiane sana.

Mwezi wa 4 wa mwaka 2006, kimbunga kilipiga gala moja la kale la Buffalo Trace na kubomoa sehemu ya paa na ukuta. Mapipa yaliyokuwa juu yalibaki wazi miezi kadhaa, jua linayapiga, mvua inayapiga. Mbele ya kutengeneza gala, hakuna mutu aliyejua kama pombe ile itafaa. Walipoifungua miaka kadhaa nyuma, mingi ilikuwa imepotea mu hewa, lakini ile iliyobaki ilikuwa na utamu wenye nguvu ambao watu waliusifu sana. Kiwanda kikajiuliza: kilichofanya vile ni nini, mwanga, upepo ao joto? Mwaka 2013 kikafungua gala dogo la majaribio lenye vyumba tofauti, ili kupima kila jambo peke yake. Kwa hiyo hata watu ambao wamefanya kazi hii vizazi kwa vizazi bado wanajifunza.

Fungu la malaika

Pipa linaacha hewa iingie, na pia linaacha pombe itoke kama mvuke. Watu wa Kentucky wanasema ni fungu la malaika. Kila mwaka malaika wanakunywa asilimia 3 hadi 5 hivi, na mwaka wa kwanza ubao wenyewe pia unafyonza yake.

Tufanye hesabu. Pipa la litre 200, likipoteza asilimia 4 kila mwaka, nyuma ya miaka 10 linabaki na litre 133. Nyuma ya miaka 20, litre 88. Zaidi ya nusu imeenda mu hewa, na kiwanda kimelipa gala, walinzi na kodi miaka yote ile. Njo juu ya hiyo bourbon ya miaka 20 iko na bei ambayo inaogopesha. Na Kentucky iko na mapipa zaidi ya milioni 10 yanayolala mu magala, kushinda idadi ya wakaaji wake ambao wako karibu milioni 4 na nusu.

Mvuke ule haupotee bure. Kuna kuvu nyeusi inayoitwa Baudoinia ambayo inapenda sana alkoli ya hewani. Inapaka weusi kuta za magala, miti, na hata nyumba na magari ya majirani. Malaika wanakunywa, majirani wanaosha, na wengine wamepeleka viwanda mbele ya mahakama.

Kuna jambo moja la kushangaza. Juu kwenye joto na hewa kavu, maji yanatoka mu pipa haraka kuliko alkoli, na pombe inazidi kuwa kali. Mu Scotland, kwenye baridi na unyevu, ni kinyume: alkoli inatoka haraka zaidi, na pombe inapungua nguvu. Kazi ya pipa inategemea hewa ya fasi.

Miaka mingi siyo kila mara uzuri

Watu wengi wanafikiri whisky ya miaka 18 lazima ishinde ya miaka 8. Kwa bourbon, haiko hivyo. Pipa lake ni jipya na limechomwa, joto la Kentucky ni kali, kwa hiyo ubao unatoa mali yake haraka. Bourbon nyingi zinafika mu utamu wao kati ya miaka 4 na 12. Kupita hapo, tanini inazidi, pombe inakuwa na uchungu, inakausha mdomo, unasikia unatafuna ubao. Mutu mwenye kujua kazi yake anaonja pipa na kusema: hili litoke leo, lile lingojee.

Whisky ya Scotland inaweza kungojea zaidi juu ya sababu mbili: baridi ya kule, na mapipa yake. Mapipa mengi ya Scotland yalikuwa ya bourbon. Sheria ya Marekani inataka pipa jipya kila mara, kwa hiyo nyuma ya kutumika mara moja, kiwanda kinaliuza. Linavuka bahari, linabeba whisky ya Scotland, rum ya visiwa vya Karibi, ao tekila ya Meksiko. Pipa la pili ni kama majani ya chai uliyokwisha kumiminia maji mara moja: bado yanatoa kitu, lakini polepole. Mutu akikuambia "hii ya Scotland iko na miaka 12, na hii bourbon iko na 6, basi ya kwanza ni bora mara mbili", ujue anahesabu bila kuangalia pipa wala hewa.

Walivyodanganywa Wamarekani wenyewe

Udanganyifu wa rangi haukuanza hapa kwetu. Katika karne ya 19, Wamarekani walinunua whisky na kikombe ao na chupa yao wenyewe, kutoka mu pipa la muuzaji. Wauzaji wengi wa kati walichukua alkoli mpya ya bei ya chini, wakatia sukari iliyoungua, maji ya matunda yaliyokaushwa, na wengine dawa za ajabu zaidi, mpaka ikafanana na whisky ya miaka. Aliyengojea miaka 4 alikuwa anauza pembeni ya yule aliyengojea dakika 4, na rangi ilikuwa moja.

Mwaka 1897 Bunge la Marekani likapitisha sheria inayoitwa Bottled-in-Bond. Mumoja wa watu walioipigania ni Edmund Haynes Taylor, mwenye viwanda vya Kentucky. Sheria ilisema: pombe yenye alama hii lazima itoke mu kiwanda kimoja na msimu mumoja, ikae angalau miaka 4 mu gala linalolindwa na serikali, na iwe na asilimia 50 ya alkoli. Serikali ikawa mushahidi wa muda. Mwaka 1906 ikafuata sheria kubwa ya chakula na dawa, na mwaka 1909 Rais William Howard Taft mwenyewe akakata mabishano juu ya pombe gani iko na haki ya kuitwa whisky.

Katika miaka ile, wataalamu wawili wa kemia wa serikali, Crampton na Tolman, walifuata mapipa 31 muda wa miaka 8, wakipima kila mwaka. Walitangaza matokeo mwaka 1908. Waliona kwamba mabadiliko makubwa ya asidi na esta yanafanyika mu miaka 3 hadi 4 ya kwanza. Waliona pia jambo lingine ambalo watu hawakulitegemea: zile alkoli nzito haziondoke mu pipa. Zinabaki. Maji yakipungua, zinazidi hata kukolea. Pipa linaongeza utamu na kulainisha, lakini haliko hospitali ya kuponya pombe iliyotengenezwa vibaya.

Kwa sisi, tunashika nini?

Kwanza, musome karatasi ya chupa. Kama ni bourbon na kumeandikwa "straight", imekaa angalau miaka 2 mu pipa, na kama haijafika miaka 4, lazima umri uandikwe. "Bottled in bond" maana yake angalau miaka 4. Namba ya miaka ikiandikwa, ni ya pombe iliyo changa kuliko zote mu mchanganyiko, siyo ya ile ya zamani zaidi. Lakini kama mu kichupa kumeandikwa "arôme whisky", maana yake ni alkoli iliyopewa harufu ya whisky. Hakuna pipa linaloahidiwa pale.

Pili, rangi siyo ushahidi. Nchi nyingi zinaruhusu kutia rangi ya karameli mu whisky, hata Scotland, na rangi ile peke yake haiue mutu. Ubaya wake ni kufanya ufikiri unajua kitu ambacho haujui.

Tatu, na hili njo kubwa: hakuna rangi wala pipa linaloondoa metanoli. Metanoli ni alkoli yenye sumu, inayoweza kuwa mu pombe iliyotoneshwa vibaya ao iliyochanganywa na alkoli ya viwandani. Haina rangi. Harufu yake inafanana na ya alkoli ya kawaida, na ulimi hauwezi kuitambua. Dalili zinaweza kuchelewa nusu siku ao siku nzima: kichwa kuuma sana, kutapika, tumbo kuuma, macho kuona kama kuna ukungu. Mutu akianza kuona ukungu nyuma ya kunywa, musimulaze nyumbani mukingojea pombe imutoke. Mumukimbize hospitali saa ileile na museme wazi alikunywa nini. Masaa machache yanaweza kuokoa macho yake ao maisha yake.

Na kama pombe imekaa miaka 12 ao siku 12, asilimia 40 inabaki asilimia 40. Pipa linalainisha ukali mu koo, halipunguze kazi ya alkoli mu maini. Ulaini wenyewe njo unafanya mutu asijue amefika gilasi ya ngapi.

Uko na swali juu ya namna kinywaji ao chakula fulani kinatengenezwa? Tuandikie ao pita hapa ku redio. Tutatafuta jibu na kulisoma mu kipindi.